Hakurudi, Hajarudi

Jumatatu, 2 Juni

Kumi na moja kati ya thelathini. Mimi! Ninayeitwa Kamusi na darasa zima! Nimeikunja ile karatasi mara nne nikaitia ndani ya soksi, na njia nzima ilikuwa ikinikwaruza kifundoni.

Mtihani wa nyakati za vitenzi vya Kiingereza. Mwalimu wetu yuko likizo ya uzazi, wametuletea mama mmoja mstaafu. Mwembamba, miwani ya kamba shingoni, sauti ndogo mpaka inabidi tunyamaze ili tumsikie. Wavulana wa nyuma wameshambatiza: Bibi Kitenzi.

Swali la saba: tafsiri “Baba amesimama mlangoni.” Niliandika “Father has stood at the door.” Akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Hakusema ni ya nani, lakini masikio yangu yaliwaka moto yakajitaja yenyewe. Akasema: huyu baba alisimama, akamaliza, akaenda zake, mlangoni hakuna mtu. Kicheko! Kilichotakiwa ni “is standing”.

Kisha akaandika ubaoni -me-, kubwa, peke yake. Hii -me- yetu ina nyuso mbili, akasema. Amekula: kazi imekwisha. Amelala: kazi imekwisha, lakini mtu bado yuko pale pale kitandani. Kiswahili hakikuulizi ni uso gani. Kiingereza kinakutaka uchague.

Sikupenda namna alivyoitamka hiyo “uchague”. Kama mtu anayekushika kiganja.

Nimefika nyumbani, viatu vya baba mdogo viko mlangoni. Siku ya kazi! Nitaandika kesho.


Jumanne, 3 Juni

Basi ni hivi. Niandike yote kwa utaratibu, labda yatanitoka kichwani.

Baba yangu ni fundi wa lifti. (Alikuwa? Ona, tayari nimekwama.) Jumanne moja nikiwa darasa la tatu aliitwa kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa sita, nyuma ya posta. Akapanda. Mkoba wake wa vifaa ulikutwa kwenye korido ya ghorofa ya nne, zipu wazi, bisibisi moja haimo. Yeye hakuonekana. Polisi walipekua shimo la lifti, chumba cha mitambo, paa, matangi ya maji. Hakuna. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na kutu. Pale shuleni walinitania mwaka mzima: baba yake alipanda lifti ikapitiliza.

Sasa miaka saba imetimia. Baba mdogo ameleta fomu ya mahakama. Mtu akipotea miaka saba, familia inaweza kuomba atangazwe kuwa amekufa. Anasema: “Shemeji, kila ofisi unayokwenda wanakuuliza mumeo yuko wapi. Hati ya nyumba ina jina lake, huwezi kuweka sahihi hata ya kubadili bati. Utawajibu nini mpaka lini?”

 Mama alikuwa kwenye cherehani yake, anakanyaga, kitambaa kinakwenda. Nilikuwa upande wa sindano. Haikuwa na uzi.

Fomu inataka maelezo ya familia, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, Jumatatu tarehe 16. Baba mdogo akanigeukia akacheka: tuna Kamusi ndani ya nyumba, ya nini kuhangaika na mawakili? Akanisomea niandike nini. “Alikwenda kazini. Hakurudi.”

Mama, bila kuinua kichwa: “Hajarudi.”

“Si ndiyo hayo hayo, shemeji.”

“Siyo hayo hayo.”

Cherehani ikasimama. Chai ikapoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafikiria sarufi. Hakurudi: “did not return”. Hajarudi: “has not returned”. Silabi moja tu, -ku- au -ja-. Na mama amekaa juu ya hiyo silabi miaka saba.


Alhamisi, 5 Juni

Insha zimerudi. “My Father.” Niliiandika wiki iliyopita kabla ya haya yote.

Sentensi ya kwanza niliandika kwamba baba amenifundisha kugonga mara tatu kabla ya kufungua mlango wowote: “My father has taught me”. Ni kweli. Fundi wa lifti hugonga mlango wa chuma mara tatu kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuufungua, ili kama kuna mwenzake ameegemea kwa ndani, aondoke. Hata nyumbani aligonga hivyo hivyo. Ko, ko, ko. Tulijua ni yeye.

Baada ya hapo niliandika yote kwa wakati uliopita, kama tunavyomtaja mimi na baba mdogo. He worked. He liked. He sang. Na Bibi Kitenzi amevikata vyote! Kila kimoja, kwa kalamu yake nyembamba. He works. He likes. He sings. Ukurasa mzima baba anafanya kazi, anapenda, anaimba. Nilihisi nywele za mikononi zikisimama, darasani, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Nikaenda ofisi ya walimu. Ujasiri niliutoa wapi sijui. Nilisimama hapo mpaka akaniona.

“Mwalimu, samahani. Hapa umekosea. Baba yangu hayupo.”

“Hayupo wapi?”

Wapi! Nikababaika. Nikamweleza kidogo: lifti, miaka saba, fomu. Alisikiliza bila kupepesa.

“Mimi nilikuwa sijui,” akasema. “Ila tazama ulivyoanza. ‘Has taught.’ Kwa Kiingereza marehemu hasemwi hivyo. Mtu akishakufa, anahamishiwa wakati uliopita na mlango unafungwa. Ukiandika ‘has taught’, msomaji anaelewa kwamba huyu anaweza kukufundisha tena kesho. Sentensi yako ya kwanza imemwacha hai, ya pili imemuua. Nikasahihisha zilingane na ya kwanza.”

“Kwa hiyo nibadilishe ya kwanza?”

Akavua miwani. Macho yake bila miwani ni madogo na mekundu. “Mimi nafundisha vitenzi, mwanangu. Hilo unaloniuliza si la vitenzi.”

Kiingereza kinajua nani amekufa. Siwezi kuacha kulifikiria. Sisi tunasema “marehemu babu amenilea” na hakuna anayeshtuka.


Ijumaa, 6 Juni

Nimejaribu maelezo ya mahakama. Nimeandika kila kitu isipokuwa kitenzi kimoja. Nimeacha nafasi, nimepiga mstari chini yake. “He ______ home.”

Nafasi yenyewe ni ndogo kama jino lililong’oka. Ulimi hauachi kwenda pale.


Jumapili, 8 Juni

Nyumbani, mchana, wali unapoa. Mama akaweka vikombe vitatu. Baba mdogo hayupo leo. Nikasogeza cha tatu, akanizuia: “Acha hapo. Hicho baba yako hakipendi, mpe cha bluu.” Hakipendi. Si hakukipenda. Nilikuwa nimemsikia akisema hivyo maisha yangu yote, leo tu ndiyo nimesikia kitenzi.

Halafu akainua kichwa. Akainuka, akajifuta mikono kwa khanga, akaenda kufungua mlango. Nikamfuata. Nje jua kali, kamba ya nguo, paka wa jirani. Hakuna mtu.

Nikamuuliza umesikia nini. Akasema, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu: “Hugonga.”

“Nani, mama?”

“Mara mbili. Ya tatu huwa haigongwi. Nikifungua baada ya mbili, hakuna mtu. Nafikiri nakosea kufungua mapema. Lakini ukimsikia mtu wako unaweza kukaa?”

Nikasema ni upepo. Akasema labda. Akarudi akala wali wake wote.

Mimi sikusikia kitu. Nataka liandikwe hapa: sikusikia kitu. Nilikuwa natafuna.


Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwenye lile jengo. Nilimwambia mama nina masomo ya ziada. Maelezo yanataka saa kamili aliyoingia, nikaona nikaitafute mwenyewe.

Mlinzi ni yule yule wa siku ile baba alipopanda. Mzee, sweta la bluu hata kwenye joto, meza ndogo karibu na lifti, daftari kubwa juu yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama usoni muda mrefu.

“Pua hiyo naijua.”

Nikasema ahsante! Ahsante! Aibu gani hii.

Akavuta droo ya chini akatoa daftari la miaka saba iliyopita, kavu, linanuka mende. Hakulitafuta, ukurasa ulikuwa na rula ya mbao ndani yake. Jina la baba, kwa mwandiko wake uliolala. Kazi: lifti. Kuingia: 8:10. Kutoka: hakuna. Safu tupu. Juu yake na chini yake watu wote wametoka, saa kwa saa, yeye tu.

“Kwa daftari langu, yumo,” mzee akasema.

Nikadhani ananitania. Akanionyesha. Kila jioni anahesabu walioingia, anatoa waliotoka, anaandika chini wangapi wamebaki ndani. Kanuni ya jengo: waliobaki wanahamishiwa juu ya ukurasa wa kesho, ili moto ukitokea ijulikane. Akafungua daftari la leo. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kuingia: Ndani, 1. Akafungua la jana: Ndani, 1. Akafunua kurasa kwa gumba, mwaka huu, mwaka jana, moja moja moja moja, kama sisimizi.

“Mwaka jana walifanya zoezi la moto. Mkuu wa zimamoto akaniuliza, wote wametoka? Nikamwambia amebaki mmoja. Wakapanda na helmeti zao, wakashuka. Hakuna mtu, mzee. Nikasema amebaki mmoja. Wakapanda tena. Mara ya tatu yule bwana akanitukana. Nikamwambia nitukane mimi, daftari usilitukane, ni la kampuni.”

Nilicheka. Alicheka na yeye. Na katikati ya kicheko namba za juu ya mlango wa lifti zikaanza kuwaka. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Zikakaa hapo.

“Nani ameiita?”

“Hakuna. Husimama pale. Mchana mchana hivi. Baada ya baba yako wamekuja mafundi watatu, wote wanasema ni nzima, haina ugonjwa.”

Husimama. Nimetembea mpaka nyumbani na neno hilo. Kwa Kiingereza ni “it stops”, wakati ule ule wa jua huchomoza na maji huchemka. Na mama alisema hugonga. Bibi Kitenzi alitufundisha leo asubuhi kwamba hu- haibebi nafsi. Nasoma, unasoma, anasoma, wote wana nafsi ndani ya kitenzi, husoma haina. Tendo lipo, mtendaji hajaonyeshwa. Darasani niliandika tu. Sasa nimeandika tena na sitaki kulisoma.


Ijumaa, 13 Juni

Baba mdogo amejua nilikwenda. Karani wa mahakama alimwambia anataka na nakala ya daftari la mlinzi, akaenda, mzee akamwambia binti yenu alikuwa hapa juzi.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Karani ameukataa ukurasa: mstari ulio wazi una maana kwamba mtu bado yumo kwenye jengo, mahakama haiwezi kumtangaza marehemu mtu aliyemo kwenye jengo. Baba mdogo alipomsimulia mama alijaribu kucheka, sauti ikapasuka. Msimamizi wa jengo amekubali mstari ufungwe. Saa yoyote, mtu wa familia aandike, aweke sahihi, yeye agonge muhuri. Mama amesema haandiki. Basi ni mimi, kesho.

Nikamfuata baba mdogo nje. Alikuwa amechuchumaa karibu na ndoo. Nikasema: “Baba mdogo, na kama hajafa?”

Akasema bila kunitazama: “Mimi nimeingia mochwari sita, Kamusi. Sita. Nimefunua mashuka. Kila shuka namwomba Mungu asiwe yeye, na nikishaona si yeye namlaumu Mungu kwa nini si yeye. Nimechoka. Mama yako anaongea na kikombe. Unataka na wewe ufike huko?”

 Nikakaa naye. Ananuka sabuni ile ile ya baba, sijui kama anajua.

Bibi Kitenzi nilimwuliza leo baada ya kipindi, kama mtu hajui amekufa au hajafa, Kiingereza kina wakati gani. Akafikiri kweli kweli. Akasema lugha ile haina. Akasema: andika unachokijua, kisichojulikana kiachie nafasi. Nikamwambia nafasi hairuhusiwi, mahakama wanataka ijazwe. Akasema, “Ndiyo, mwanangu. Huwa wanataka.”


Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa kwenye meza ya mlinzi. Saa saba kasoro robo mchana. Baba mdogo amekwenda kumtafuta msimamizi na muhuri wake, ameniambia nikirudi nikute umeshaandika. Mzee amenipa kiti chake, yeye amesimama. Nimeitoa shajara hii nijaribu kwanza kalamu.

Jengo tupu. Jumamosi hufungwa saa sita. Mzee amehesabu mbele yangu: wameingia ishirini na wawili, wametoka ishirini na wawili. Chini akaandika Ndani, 1. Akanisogezea daftari kuukuu.

“Ukifunga, Jumatatu nitaanza na sifuri,” akasema. “Sijui mkono wangu utaandikaje sifuri.” Alisema kama mzaha. Hakucheka.

Ametoa pia ufunguo wa lifti. Kila Jumamosi saa sita anaizima kwa ufunguo huo, na leo ameshaizima. Ufunguo uko hapa mezani, karibu na kiwiko changu, una kibandiko chekundu.

Maelezo ya mahakama yamo mfukoni, bado yana ile nafasi. Kwa hiyo nina nafasi mbili. Nikijaza hii, ile inajijaza yenyewe. Aliondoka. Hakurudi. Amekwisha. Mama ataweka sahihi, bati litabadilishwa, baba mdogo atalala. Nampenda baba mdogo. Nataka alale.

Niandike saa ngapi? Saa ya uongo. Mzee anasema andika 11:00 jioni, watu wengi hutoka saa hiyo.

Haya.

Nimegusisha kalamu. Nukta moja tu ya wino kwenye safu ya Kutoka, hata si namba, nukta

taa imewaka. Juu ya lifti. Nne.

Mzee ameiona. Ameutazama ufunguo, upo. Nimeutazama na mimi. Upo!

Tatu.

Inashuka. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele. Mzee anasema kwa sauti ndogo, usiinuke binti, usiinuke. Ameshika ukingo wa meza. Nasikia nyaya. Baba alinifundisha kuzisikiliza (amenifundisha), lifti tupu hulia nyembamba, yenye mtu hulia nzito.

Mbili.

Nzito.

Moja.

Lifti imesimama. Ile -me- na nyuso zake mbili, sijui ni uso gani, imesimama, ipo hapa, hatua nne kutoka kwenye kiti. Milango imefungwa. Mzee anasoma dua. Nimeinua kalamu kutoka kwenye ile safu, nimeiinua, ile nukta bado mbichi inang’aa.

Kwa ndani, chuma kwa chuma. Ko.

Mzee amenigeukia. Na yeye amesikia! Sasa si mimi peke yangu, si mama peke yake.

Ko.

Miguu yangu inataka kukimbilia kule na siiruhusu. Mama anakosea kufungua mapema. Nitakaa. Nitakaa hapa hapa.

Ya tatu haijagongwa.